Safari Tatu za Kalamu ya Umeme

Mzee Lazaro Njobvu alikuwa na siku ya pili mahabusu, na nguvu za kutukana bado anazo.

"Mla nyani ameingia," alisema alipomwona Inspekta Eksilda Kasonde mlangoni. "Nilijua tu. Mbemba akifa mmoja, lazima atafutwe Mngoni wa kusindikizana naye."

"Umelalaje, mla panya?"

"Nimelala na kunguni wa serikali. Wao wameshiba, mimi njaa."

Wabemba na Wangoni ni watani, na utani wao haupumziki mtu akiwa mgonjwa wala akiwa kifungoni. Kwenye msiba ndiyo unakolea kabisa. Mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayelala shimoni kulipima, ndiye anayemsema maiti mpaka mjane acheke kwa nguvu asiyotaka. Eksilda alivuta kiti, akaweka mezani mfuko wa plastiki wenye ushahidi, akaketi.

"Musonda anazikwa leo saa tisa," alisema Njobvu, na utani ukamtoka sautini kama maji yanayotoka kwenye ndoo iliyotoboka. "Saa nane gari lenu linanipeleka kwa hakimu Ndola. Sasa nani atamtukana?"

"Wangoni wengine wapo."

"Wapo. Watasema nini? Mimi nimemtukana miaka arobaini na moja. Nimeweka akiba."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kalamu ya umeme, ya njano, ncha yake nyeusi. Ukiisogeza karibu na waya wenye umeme huwaka taa nyekundu na kulia pii, kama kifaranga aliyepotea. Binti wa Njobvu aliileta kutoka Lusaka, na baba akampa rafiki yake Musonda, maana yeye mwenyewe macho yalikuwa yamekwisha kustaafu kabla ya miguu. Jumamosi, baa nzima ilimsikia akisema: "Chukua, Mbemba, labda itakuua nikale nyama ya matanga yako." Jumatatu Lameki Musonda, fundi umeme wa mgodi miaka thelathini, alishika waya kwenye mashine ya kusaga ya Chipasha akafa. Kalamu ilikutwa kando yake, kimya. Wapwa wa marehemu wakaja kituoni wakiwa wamefura, na mkuu wa kituo akaandika: uzembe uliosababisha kifo.

"Betri zimekufa," alisema Eksilda. "Nilizipima mwenyewe jana."

"Jumamosi zilikuwa mpya. Aliijaribu kwenye friji la baa, mbele ya hao hao waliosikia matusi. Hilo hawakukuambia?"

"Hawakuniambia."

"Masikio ya watu yanapenda matusi kuliko pii."

"Basi Jumatatu alisahau kuijaribu. Miaka sabini na mbili, mzee."

Njobvu alimtazama, kichwa kimeinamia upande. "Wewe si mtoto wa Kasonde, fundi wa shimo namba tatu?"

"Ndimi."

"Baba yako alisahau lini?"

Swali lilimrudisha Eksilda utotoni. Enzi hizo honi ya mgodi ndiyo iliyoamsha mtaa wote wa Chisokwe, na kabla haijamaliza kulia, baba yake alikuwa ameshasimama mbele ya soketi ya jikoni na kipima umeme chake cha waya mbili. Kila alfajiri, bila kukosa. Mama yake husema kutoka kitandani, "Unaisalimia soketi kabla hujanisalimia mimi." Naye baba hujibu, "Wewe najua uko hai."

"Safari tatu," alisema Eksilda.

"Safari tatu," aliitikia mzee, kama mtu anayeitikia kanisani.

Ndivyo walivyofundishwa wote. Safari ya kwanza unakipeleka kipimo kwenye waya unaoujua kuwa hai, lazima kiseme. Ya pili unakipeleka kwenye waya unaotaka kuushika; lazima kinyamaze. Ya tatu unakirudisha kwa ule ulio hai, na lazima kiseme tena. Kwa nini? Kwa sababu huenda kilikufa njiani, na ule ukimya wa katikati haukuwa habari ya waya bali habari ya kipimo. Ndipo unashika. Wenye haraka walifanya safari moja, na ya pili wakabebwa.

"Nina mpaka saa nane," alisema Eksilda, akainuka.

"Wewe ndiye una mpaka saa nane," alisema Njobvu. "Mimi nina rafiki kwenye sanduku."

*

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume wakauzunguka moto nje. Mjane, Mama Febi, alimpokea Eksilda chumbani, akampa chai kwenye kikombe cha bati. Chini ya kikombe palichorwa kwa msumari: 4417. Kwenye kijiko, 4417. Kwenye fremu ya baiskeli iliyoegemea ukuta, 4417.

"Namba yake ya mgodini," alisema mjane. "Alichora kila kitu. Sufuria, jembe, hata mpini wa ufagio. Mimi nilimwambia ukinisogelea na msumari wako narudi kwetu Kasama."

"Na hii kalamu ya Mzee Njobvu?"

"Kalamu hakuigusa, ya mtani. Alisema akiichora Mngoni atadai ameibiwa. Lakini betri alinunua mwenyewe, basi akakaa Jumapili nzima na msumari na miwani anachora betri. Nikamwambia, mume wangu, nani ataiba betri?"

Eksilda alisimamisha kikombe karibu na mdomo. Betri zilizokuwa ndani ya mfuko wa ushahidi alizigeuza jana mara tatu. Zilikuwa laini, hazina mkwaruzo.

"Kuna kitu kilichopotea, mama?"

"Kibati." Mjane alijionyesha shingoni. "Kile cha shaba cha mgodini, chenye namba. Nyumbani hakukivua tangu alipostaafu, hata kuoga. Mlinirudishia viatu, mkanda, miwani. Kibati hakimo. Nataka azikwe nacho, mwanangu. Wapwa wanasema Njobvu kamuua. Njobvu ndiye aliyenichumbia kwa niaba yake. Alikuja kwetu akawaambia wazee: 'Nimewaletea nyani, lakini ana kazi.'"

Alicheka, kisha akaukumbuka msiba, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

*

Ilipata saa tano kasoro Eksilda alipofika kwenye mashine, akiwa na Konstebo Sitali na daftari lake. Foleni ya ndoo za mahindi ilitoka mlangoni mpaka barabarani. Umeme ungekatwa saa sita kwa zamu ya mtaa, na kila mwanamke alikuwa akiitazama ndoo ya mwenzake kama adui. Redio ndogo ya mkononi, dirishani, iliimba wimbo wa zamani wa kalindula.

"Hata redio imefufuka," alisema mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni. "Tangu Pasaka ilikuwa bubu. Chipasha huyu, ukimwomba kiberiti anakukatia kijiti nusu."

"Mwache," alisema mwenziwe. "Labda kifo kimemlainisha."

Roidi Chipasha alitoka, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Mtu wa adabu, alikuja mtaani miaka sita iliyopita, mgodi ukiwa umeshafungwa. Alirudia maelezo yake bila kukosea neno. Mashine ilizima asubuhi, waya umeungua kwenye ubao. Akamwita mzee. Yeye alikuwa nyuma akishona magunia. Mzee hakuzima swichi kubwa, pengine alidhani imezimwa. Akasogeza kalamu, kalamu haikulia, akashika.

"Ulimwona akisogeza?"

"Hapana, lakini kalamu si ilikuwa chini pale?"

"Hukumwona akisogeza, na unajua haikulia."

"Ingelia angeshika, Inspekta?"

Jibu zuri. Eksilda alilikubali kwa kichwa, akaenda kwenye ubao wa umeme. Swichi kubwa ilikuwa ya zamani, ya mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Unga ulikuwa umeufunika mkono wote kama poda, isipokuwa mstari mmoja mwembamba karibu na shina, uliosafishika kuuzunguka, kama shingo ya mwanamke aliyevuliwa mkufu.

"Ukishusha huu, kunabaki wapi umeme humu ndani?"

"Hakubaki popote. Ukishuka, giza."

Basi, kama mzee aliushusha, humu hamkubaki waya hai wa kuanzia safari wala wa kumalizia. Eksilda alisimama mlangoni kama baba yake alivyokuwa akisimama kwenye nyumba ngeni, kichwa kimeinama, anasikiliza. Nyuma ya kelele za mashine, upande wa pili wa ukuta, kitu kilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Friji.

*

Kantini ya jirani, ya Lavinesi Mwape, iliuza maandazi, sabuni na kinywaji baridi cha munkoyo. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka mingi, mnene, na leo alivaa kitambaa cheusi cha kichwani kilichofungwa kwa ustadi usio wa msiba.

"Jumatatu Mzee Musonda aliingia humu," alisema Eksilda.

Lavinesi alianza kupanga maandazi yaliyokuwa yameshapangwa. "Nani kasema?"

"Friji lako."

"Friji langu lina mdomo?"

"Lina waya."

Maandazi yalihama kutoka sinia moja hadi jingine, kisha yakarudi.

"Inspekta, mimi ni mwanamke wa kanisa."

"Najua, mama."

"Alikuja. Akasema samahani mama, akapita nyuma ya kaunta, akainama pale kwenye waya. Kitu kikalia pii. Akatabasamu, akaenda zake. Nikasema haya, wazee wana mambo. Haujapita muda wa kumenya karanga sahani moja, huyo tena. Akainama. Kikalia pii. Akaniambia, 'Asante mama, sasa roho yangu imetulia.'" Lavinesi alishusha sauti. "Sasa wewe ni mtu mzima. Mwanamume anakuja kuinama nyuma ya kaunta yako mara mbili asubuhi moja, halafu roho imetulia. Ungefikiri nini?"

Konstebo Sitali aliacha kuandika, akatazama dari.

"Nikafikiri ananitaka," alisema Lavinesi. "Nikabadilisha kitambaa. Nikajipaka mafuta. Nikasema akija mara ya tatu nitamjibu vizuri, ni mzee wa heshima, ila ana mke. Badala yake nikasikia kelele upande wa pili."

"Baada ya muda gani?"

"Mafuta hayajaingia mkononi."

"Mbona hukuja kituoni?"

"Niseme nini mbele ya Febi? Kwamba saa yake ya mwisho mume wake aliitumia kuninyemelea mimi?"

Eksilda alijiuma mdomo, akamshika mkono. "Mama Lavinesi, hakuwa anakunyemelea. Alikuwa anajilinda. Na alijilinda barabara."

"Hakunitaka?"

"Hapana, mama."

Mwanamke alilifikiria hilo kwa uzito uliostahili. "Basi nitakwenda mazikoni na moyo mweupe," alisema, ingawa sauti ilikuwa na upungufu kidogo.

*

Hesabu yenyewe haikuhitaji shule ndefu. Kalamu ililia kabla, na ililia baada. Kwa hiyo katikati, iliponyamaza kwenye ubao wa Chipasha, ilisema kweli: swichi ilikuwa imeshushwa. Mtu aliyepandisha swichi alifanya hivyo mzee akiwa ameshika waya. Na kalamu iliyokuwa hai mzee akiwa hai haikufa kwa huzuni. Kuna aliyeiua.

Eksilda alirudi kwenye mashine, akavaa glavu, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Zima redio, Bwana Chipasha."

"Watu wanafurahi nayo."

"Zima."

Wimbo ulikatika. Aligeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri mbili nyembamba, akaziinua kwenye mwanga mbele ya Konstebo na mbele ya foleni nzima. Kwenye kila moja, kwa mkono wa mzee mwenye miwani na Jumapili nzima ya kupoteza, palichorwa 4417.

"Andika, Sitali."

"Betri zote zinafanana," alisema Chipasha.

"Hizi zina jina la mwenyewe. Shusha swichi."

Chipasha aliishusha, na mashine ikanguruma mara ya mwisho ikanyamaza. Eksilda alitoa kalamu kwenye mfuko wa ushahidi, akaitia betri za mzee, akatoka. Wanawake waliziacha ndoo wakamfuata. Jambo hilo, na umeme umebaki nusu saa, halijapata kuonekana Chisokwe. Aliinama nyuma ya kaunta ya Lavinesi. Pii. Akarudi kwenye ubao, akasogeza ncha nyeusi kwenye waya wenye alama ya kuungua. Kimya; hata mtoto wa mgongoni alinyamaza. Akarudi kwenye friji. Pii.

Ilikuwa miaka ishirini na saba tangu aione shughuli hiyo ikifanywa mpaka mwisho, na mkono wake uliifanya bila kumuuliza.

Aliporudi, Chipasha alikuwa ameketi juu ya gunia.

"Walikuwa wananipigia kelele," alisema. "Umeme unakatwa saa sita, na wengine walishaanza kuchukua ndoo waende kwa mwenzangu. Nilisikia mzee ametoka nje, ameingia, ametoka tena. Nikasema amemaliza, anakwenda kunywa munkoyo. Kumbe alikuwa amesharudi ndani, yuko nyuma ya mlango wa ubao, umemficha. Nikapandisha."

"Kulikuwa na kitu kimening'inia kwenye mkono wa swichi."

"Kibati na kamba yake. Nilidhani ni takataka za mgodini. Mkono ulikuwa haupandi vizuri, nikakitoa."

Wanawake waliguna kwa pamoja, sauti ya chini, ya kifuani. Hakuna mtu aliyezaliwa Chisokwe, mlevi wala mwendawazimu, asiyejua maana ya kibati kwenye swichi. Kinasema: kuna mtu ndani, na jina lake ni hili. Waume zao waliishi kwa kibati hicho. Chipasha alikuja wakati honi imeshanyamaza, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Ungesema ukweli siku ile ile," alisema Eksilda, "ingekuwa ajali ya mtu asiyejua. Ukabadilisha betri zake na zile mfu za redio yako. Ukamwacha mzee wa watu alale ndani siku mbili."

"Niliogopa."

"Na zile nzima? Mbona hukuzitupa?"

Chipasha alimwinulia macho yenye unga, akashangaa kwa dhati. "Betri mpya, Inspekta?"

Kibati kilikuwa kwenye kopo la misumari, chini ya meza.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akaguna, akatia sahihi saa saba na dakika arobaini. Gari liliondoka saa nane na mtu mwingine ndani yake.

Njobvu alifika makaburini akiwa na suruali ya mahabusu isiyo na mkanda, ameishika kwa mkono mmoja. Wapwa wa marehemu walitazama chini. Yeye hakuwasemesha. Alimwomba Eksilda amshikie mkono, akashuka shimoni, akalala chali na suruali hiyo hiyo.

"Nani kachimba hili?" sauti ilitoka chini. "Mmemchimbia mtu mrefu. Huyu alikuwa mfupi, ngazi zote za mgodini zilikatwa kwa ajili yake. Na hamkumwekea mti wa kupanda? Atajisikiaje ugenini?"

Kicheko kilianzia kwa vijana, kikawafikia wazee, kikampata Mama Febi akiwa amejificha kwenye kitenge. Nyuma kabisa Lavinesi Mwape alicheka kuliko wote, kisha akalia kuliko inavyomstahili jirani.

Walipomtoa, Eksilda alimpa mjane kibati. Mjane alitaka kukiweka juu ya sanduku. Njobvu alimshika mkono.

"Hapana, shemeji. Kibati hakishuki na mtu. Kinabaki juu, ili walio juu wajue nani yuko chini." Alikiangika kwenye msalaba wa mbao, akakinyoosha kwa kidole mpaka namba ikaonekana. Kisha akawageukia watu. "Yuko chini. Mtu asiwashe kitu."

Akaokota kijiti. Watu walidhani ni utani mwingine, na ulikuwa utani. Alikigusisha kijiti kifuani pake mwenyewe, akasema, "Pii." Wakacheka. Akainama, akakigusisha kwenye sanduku, akasubiri, akatega sikio. Sanduku lilinyamaza. Kicheko kikapungua, kikaisha. Akakirudisha kijiti kifuani kwa safari ya tatu, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi bila sauti.

Alisimama hivyo, suruali mkono mmoja, kijiti mkono wa pili. Hapo Mama Febi alisogea, akamwekea kiganja mgongoni.

"Pii," alisema mjane.